Kipaimara cha Nasra

Mama Asmahani wa Makorora huuza maandazi kibarazani kwake. Yeye hukaanga, na Nasra, bintiye, huwafungia wateja. Wanafunzi wakishapita asubuhi, beseni huwa tupu.

Wiki hiyo Nasra hakuwa na raha. Alikuwa ameomba kusomea uuguzi, na chuo kilitoa ufadhili kwa wachache. Bila ufadhili hakuna kusoma; maandazi hayalipi ada. Kila mwombaji alitakiwa kuandika insha, aeleze kwa nini anataka kuwa muuguzi. Nasra akaitafuna kalamu weee! Neno halikutoka.

"Mimi nina nini cha kuandika?" alijisemea. "Mtoto wa maandazi!"

Akaenda kwa Uweso, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Uweso akacheka. "Dada, unajitesa bure. Ninayo insha iliyomfikisha mtu chuoni. Badilisha jina tu, mambo kwisha."

Nasra akaichukua. Palipoandikwa Brightness, akaweka Nasra. Palipoandikwa Moshi, akaweka Tanga. Roho ikamtulia, maskini.

Alasiri mama yake akamwambia, "Hebu nisomee, nijue ninaomba dua ya nini." Jirani yao, Mwalimu Dorkasi, alikuwa amekaa nao mkekani akimenya chungwa. Dorkasi ni Mlutheri kutoka Lushoto. Anafundisha chuo kimoja hapo mjini, na kila mwaka husoma insha za waombaji.

Nasra akasoma kwa madaha: "Tangu siku nilipopata kipaimara, niliahidi kuwahudumia wagonjwa..."

Dorkasi akaweka chungwa chini. "Umepata nini?"

"Kipaimara, mwalimu."

"Kanisa gani, mwanangu?"

Nasra akababaika. "Kanisa? Kwani si... si kama mahafali?"

Dorkasi akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mama Nasra, hongera! Binti yako amethibitishwa imani kanisani, na wewe hukualikwa!"

"Astaghfirullah!" Mama Asmahani naye akacheka. Kisha akasema, "Haya, endelea."

Nasra akaendelea. Ilikuwa habari ya bibi aliyelima kahawa, akaugua, akafa. Mama yake akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi, humo nimo?"

Nasra akainamisha kichwa. Heri angechapwa.

"Sikulaumu, mwanangu," alisema Dorkasi kwa upole. "Wengi hufanya hivi kwa woga. Lakini kuchukua maneno ya mtu na kuyatia jina lako ni wizi, hata kama mwenyewe hayupo. Tena mtu hushikwa. Kompyuta hulinganisha insha. Na sisi wasomaji tuna macho! Huyo bibi wa kahawa namjua. Hufa kila mwaka. Tumeshamzika Moshi, Lindi na Kigoma."

"Sasa mwalimu, kuomba msaada ni kosa?"

"La, hasha. Mtu akikusahihishia tahajia, si kosa. Akikuuliza maswali ukakumbuka, si kosa. Ukitumia maneno ya mwingine, sema ni ya nani. Ila kisa kiwe chako na mawazo yawe yako. Usimwachie mtu akuandikie, wala usiiachie simu. Chuo kinataka kukujua wewe."

"Lakini mimi sina kisa."

Mama Asmahani akavuta kanga yake kidogo. Mguuni palikuwa na kovu pana. "Na hiki ni nini?"

Nasra akalitazama lile kovu, akakumbuka. Mwaka uliopita mafuta ya maandazi yalimmwagikia mama yake. Nasra, kwa hofu, akampaka dawa ya meno. Kule zahanati, muuguzi aliiosha taratibu, hakumfokea. Alimwambia tu, "Siku nyingine, maji safi ya baridi, yatiririke juu ya jeraha. Dawa ya meno ni ya meno."

"Lakini mwalimu, pale nilikosea! Niandike kosa langu?"

"Andika. Na useme lilikufunza nini."

Nasra akaandika, akafuta, akaandika tena. Dorkasi alimsahihishia tahajia. Nasra alipomwomba maneno ya kupendeza, alimrudishia karatasi. "Tafuta yako," alisema.

Akarudi kwa Uweso, safari hii kuchapa tu.

"Ulibadilisha jina?" Uweso akauliza.

"Nimebadilisha yote, isipokuwa jina. Na ile ya Brightness, kaka, usiwape watu tena. Itawaponza."

Baadaye Nasra akaitwa kwenye usaili. Alifika kwa hofu. Mama mmoja wa makamo alifungua mlango, akasoma jina.

"Nasra Mselem?"

"Abee. Shikamoo."

"Marahaba." Yule mama akamtazama, akatabasamu. "Aa, wa dawa ya meno! Ingia, mwanangu. Mguu wa mama unaendeleaje?"

Hofu ikamtoka. Kila alichoulizwa alikijua, maana kilikuwa chake.

Majina ya waliopata ufadhili yalipotangazwa, Nasra alikimbia mpaka kibarazani, viatu mkononi.

"Mama, nimepata! Nimepata! Na siku ile ya usaili waliuliza mguu wako unaendeleaje."

Mama Asmahani akaacha kukanda unga. "Mguu wangu? Wamenijulia wapi mimi?"

"Kwenye insha yangu," Nasra akasema, huku akimkumbatia na unga wake wote. "Umo, mama. Umo tangu mstari wa kwanza."