Ubao wa Meza ya Zabibu

Siku ya gulio soko la Kibiti halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Saidy alikuwa amesimama katikati ya purukushani hiyo, mbele ya meza ya kamba wakavu, na wala hakuwa na haja ya kamba. Aliinama, akaigonga meza kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena.

"Kaka, hapo hakuna mtu," mwenye meza alimwambia. "Hata ukibisha mpaka jioni hufunguliwi."

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Saidy akainua uso, akamwona: dera la manjano, mtandio mweusi uliorudi nyuma kidogo, hina iliyoanza kufifia vidoleni, na macho yaliyokuwa yakimcheka kabla mdomo haujaanza. Alisahau alichotaka kusema. Alipokumbuka, akasema jambo la kipuuzi kuliko yote: kwamba meza yake ina sauti nzuri.

"Wenzako husifia macho. Wewe umesifia meza."

"Macho nilikuwa sijayafikia, dada yangu."

Ndivyo walivyojuana. Aliitwa Zabibu, wa Mbwera, huko kwenye visiwa vya delta. Kila baada ya wiki mbili alipanda boti mpaka Nyamisati, akapanda gari mpaka Kibiti na magunia yake. Saidy alikuwa mtoto wa wakulima wa Mahege, akiwa mwaka wa pili wa kujifunza kuunda magitaa kwa Fundi Deusdedit, mwalimu mstaafu aliyekuja kutoka bara na kufungua karakana nyuma ya soko. Baba yake Saidy alikuwa hamsemeshi tangu alipoacha mikorosho kwa ajili ya alichokiita mchezo wa watoto. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, ndoo na simu ambayo hakuna aliyeipigia. Mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu bila kujua kwamba ni mpweke, mpaka siku simu ilie.

Na ilianza kulia kila alasiri. Kwao Zabibu mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya dungu la shamba la mpunga, kile kichanja cha kuamia ndege. Ilibidi apande ngazi ya miti, ashikilie nguzo kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine.

"Uko wapi, fundi wangu?"

"Karakana. Vumbi limenijaa mpaka kwenye kope."

"Mimi niko dunguni. Wapita njia wanadhani nazungumza na ndege."

"Waambie ni mmoja tu, tena hana mbawa."

Walicheka, wakanyamaza, wakaendelea kushikilia simu bila neno, jambo ambalo watu wenye akili zao hawalifanyi kwa vocha ya kununua.

Siku moja Saidy alimuuliza ule ubao wa meza aliutoa wapi, na Zabibu akamsimulia. Ulikuwa mninga. Marehemu baba yake, mzee Idrisa, aliupasua kwa msumeno wake, akauweka darini ukauke aje autengenezee mlango. Mauti yakamkuta kabla ya mlango. Kisha mafuriko yakaja yakachukua nyumba na dari yake, na ubao ukaokotwa umenasa kwenye mikoko. Hakuna kingine cha baba yake kilichobaki. Aliufanya meza ili popote aendapo kuuza, auguse.

Baada ya miezi sita Zabibu alifika karakana amembebesha mchukuzi ule ubao, na kamba wake akaenda kuwapanga juu ya gunia.

"Nitengenezee gitaa," alisema. "Siku utakayoniletea nyumbani, mbele ya mama, ndiyo siku ya kusema neno lako. Kabla ya hapo sitaki kusikia."

Saidy hakulala vizuri kwa furaha. Aliupiga randa ubao ule mpaka ukawa mwembamba wa kupitisha sauti, akaukunja pande zake juu ya bomba la moto, akabandika fito za ndani moja moja. Lilikuwa linaelekea kuwa gitaa la maana.

Sasa, kwa Fundi Deusdedit kulikuwa na sharti moja. Gitaa la kwanza la mwanafunzi, likishakamilika, hukatwa katikati, na mwanafunzi mwenyewe ndiye anayeshika msumeno. Ndivyo anavyojua gundi yake ilishika wapi na ilidanganya wapi. Nusu ya gitaa la kwanza la Fundi mwenyewe ilikuwa imetundikwa juu ya mlango. Saidy alilijua sharti hilo vizuri, ila halikumtisha, kwa sababu mwaka uliopita alikuwa ameunda gitaa la umeme na halikukatwa. Akahesabu kwamba lile ndilo la kwanza na amekwisha kusamehewa. Siku alipolitaja jambo hilo, pande zote zikiwa zimeshabandikwa, Fundi aliacha kupiga msasa akamtazama.

"La umeme ni ubao mzima, kijana. Nilikate nione nini? Tunakata lenye tumbo. Hili ndilo la kwanza."

Saidy alimsihi. Alimweleza habari za mzee Idrisa, za mafuriko, za neno linalomsubiri Mbwera. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha kuwa yanamgusa. Kisha akasema Saidy ana ruhusa ya kuondoka na gitaa lake zima, lakini akiondoka nalo asirudi. Kama angejua mapema ubao ule ni wa nani, aliongeza, angemzuia.

Wiki tatu nzima Saidy alitumaini mzee atalegea. Na wiki tatu nzima, kila alasiri, Zabibu alipouliza gitaa letu linaendeleaje, alijibu kwamba linaendelea vizuri. Alimpenda, akaogopa kumkosa, na akaona ni rahisi kudanganya leo na kueleza kesho.

Siku ilipofika alishika msumeno. Ufundi ndio ulikuwa maisha yake, na hakuwa na mengine. Alikuwa amefika katikati ya tumbo la gitaa wakati Muzdalifa, jirani wa Zabibu pale sokoni, alipoingia na kigoda cha kutengenezwa. Alitazama msumeno, akautambua ubao, akageuka akaondoka na kigoda chake.

Alasiri ile simu ililia kwa kuchelewa.

"Muzdalifa anasema umeukata ubao wa baba."

"Zabi, nisikilize kwanza."

"Umeukata au hujaukata?"

"Nimeukata."

Alisikia upepo wa mpungani, kisha hakusikia kitu. Alipopiga tena, simu haikupatikana. Gulio lililofuata Muzdalifa aliuza kamba wa watu wawili na hakumjibu salamu. Saidy alirudi chumbani, akaketi kitandani na simu mapajani. Ilipofika alasiri akajikuta anaisubiri ilie, na akaumia hasa.

Jumamosi alizifunga zile nusu mbili kwa shuka, akapanda boti. Mama yake Zabibu alimpokea kwa adabu, akaitikia shikamoo yake, akatandika mkeka, akawaacha. Zabibu alikuwa amevaa kanga mbili za kazini, mikono ina harufu ya kamba. Alifungua shuka. Alipitisha kidole ndani ya tumbo lililokatwa, taratibu, akafika mahali ambapo fito mbili zilikuwa zimebanduka.

"Hapa ndipo ulipokosea?"

"Hapo. Gundi haikushika. Lingeimba mwaka mmoja, kisha tumbo lingezama."

"Basi lilistahili kukatwa," alisema Zabibu. "Baba alikuwa mtu wa msumeno, angekuelewa. Ungeniambia, ningelia siku mbili, ningenyamaza. Lakini mimi nilikuwa napanda lile dungu kila alasiri, jua usoni, nikishikilia nguzo. Kumbe napanda kwenda kusikiliza uongo."

Saidy aliomba radhi, na radhi ilisikika ndogo hata masikioni mwake. Zabibu alizifunga tena zile nusu, akazipeleka ndani. Neno alilokuja nalo Saidy hakulisema. Maji yalipojaa akarudi na boti ileile.

Alianza gitaa la pili, la mninga wa kununua. Pembeni, kwa siku zake za mapumziko, aliunda meza ya mkongo, nzito, miguu imara, isiyo na urembo. Miezi miwili baadaye, aliposikia Zabibu amerudi kuuza na anauzia chini, alimpa mchukuzi akaipeleke pale pale pa zamani. Hakuandika kitu. Alirudi kwenye kazi yake kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Simu ililia. Aliiweka sikioni. Kulikuwa na kelele za gulio, kisha mlio wa kifundo cha kidole kwenye mbao, mara tatu. Mkongo, aliutambua, mzito na usio na sauti.

"Hapo hakuna mtu," Saidy alisema.

Zabibu aligonga tena, mara moja.

"Mtu yupo," alisema. "Ila bado ana hasira."

"Nitamngoja."

"Gitaa la pili huchukua muda gani?"

"Miezi sita, nisipoharakisha."

"Basi usiharakishe. Kesho narudi Mbwera. Alasiri nitapanda dungu, na nitakuuliza linaendeleaje."

Saidy alitazama mezani pake. Gitaa lilikuwa wazi, tumbo juu, kama alivyoliacha tangu asubuhi.

"Usingoje kesho," alisema. "Leo nimevunja fito mbili, na shingo nimeikata fupi. Naanza upya."

Alisikia mtu akimuuliza Zabibu bei ya kamba, na Zabibu akimwambia angoje.

"Endelea," Zabibu alisema. "Nakusikiliza."