Kibonge Hakulia

Tangu Mama arudi kufundisha, asubuhi katika nyumba yao zilikuwa za mbiombio. Mama alichemsha chai huku akipiga pasi, akamfunga Kibonge vifungo vya shati huku akimeza kipande cha mkate. Baba, fundi wa kuchomelea mageti, alitafuta soksi zake chumba hadi chumba, na mara nyingi zilikuwa miguuni mwake.

Kibonge alikuwa na miaka mitatu, mashavu yamemjaa kama puto. Ni kwa ajili yake Mama aliacha kazi, na sasa alikuwa ameacha kunyonya na anatembea, basi Mama amerudi darasani. Dada yake alikuwa darasa la sita. Watu walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa mwingi wa maneno, hata walimu walimwita hivyo wakijisahau. Kila asubuhi Chiriku alimpeleka mdogo wake kwa jirani yao, mjane aliyeshona sare za shule sebuleni kwake. Mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani. Mchana Chiriku alipotoka shule alimpitia mdogo wake, wakarudi nyumbani.

Siku za mwanzo Chiriku alitamba kwa wenzake. "Mama yangu ni mwalimu, mnajua?" Lakini kurudi nyumbani kulimchosha moyo. Zamani alimkuta Mama jikoni, akabwaga mkoba na kuanza kumwaga habari: nani kasinzia darasani, nani kavaa viatu pogo. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Sasa alikuta kufuli mlangoni na vyombo vya asubuhi vikimsubiri kwenye karai. Mama alirudi jioni sauti imemkauka, na kila alichoambiwa aliitikia "Ehe, mwanangu," hata pale palipotakiwa "hapana".

Jioni moja Chiriku alikuwa anasugua sufuria. Mama alikuwa mezani, anasahihisha kazi za wanafunzi. Bila kuinua kichwa akauliza, "Kibonge anaendeleaje kwa Bi Cherehani?"

Chiriku alikitazama kile kichwa kilichoinama. "Analia," akasema.

Kalamu ya Mama ikasimama. "Analia?"

"Kutwa nzima. Anakuita wewe. Na Bi Cherehani hana habari naye, yeye na cherehani yake tu."

Hapakuwa na chembe ya kweli. Kila mchana Chiriku alimkuta Kibonge amekaa juu ya rundo la vitambaa, utepe wa kupimia shingoni, anaimba kwa sauti ya kukwaruza. Kilio kilianza pale tu alipoambiwa twende nyumbani.

Lakini jioni ile Mama aliziacha kazi zote mezani. Alimpakata Kibonge, akamvuta Chiriku ubavuni, akamuuliza hili na lile. Chiriku akanogewa. Kesho yake akaongeza kwamba Kibonge hali chakula. Keshokutwa akaongeza kwamba anafokewa.

Jumamosi Mama alivuka uzio kwenda kwa Bi Cherehani. Alirudi upesi, midomo ameibana.

"Nimemwambia asante, inatosha," alimwambia Baba. "Kuanzia Jumatatu Kibonge atakaa nawe karakana, mpaka nimwambie mwalimu mkuu kwamba naacha kazi."

"Karakana kwangu ni cheche za moto mtindo mmoja, mama watoto. Na kazi hii umeingoja miaka."

"Nitafanyaje? Siwezi kulea watoto wa watu huku wa kwangu anateseka."

Chiriku alikuwa amepata alichokitaka, lakini chakula cha mchana alikiacha nusu. Akainuka mezani akisema ameshiba.

Jumatatu walimu wa shule yake walikuwa na kikao, wanafunzi wakaachiwa mapema. Chiriku alipitia karakana. Alimkuta Kibonge amewekwa ndani ya toroli, mbali na cheche, macho yamemvimba. "Nataka Bi Cheleani!" alikuwa akilia. "Nataka Bi Cheleani!"

Baba alijifuta jasho, akamtazama bintiye. "Ajabu. Anamlilia huyohuyo anayemfokea." Chiriku aliinamisha kichwa. Baba akampa mkoba mdogo. "Mama yako kasahau miwani. Mkimbilie shuleni kwake, ana kipindi cha mwisho."

Chiriku hakuwa amewahi kumwona Mama akifundisha. Alisimama dirishani, akachungulia. Darasa lilikuwa limefurika, watoto wamebanana madawatini. Mbele alisimama mvulana mrefu kuliko wote, amekodolea macho sentensi iliyoandikwa ubaoni, jasho linamtoka.

"Mi siwezi, Mwalimu," alisema. "Mwaka jana pia nilishindwa."

"Mwaka jana umepita," Mama alijibu. "Anza na herufi moja. Mimi niko hapahapa, siendi popote."

Alipoyatamka maneno hayo ya mwisho, Mama aliinamisha macho ghafla, kana kwamba yamemchoma mwenyewe. Mvulana alianza. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Aliyecheka alitazamwa na Mama mara moja tu, akanywea. Hatimaye sentensi nzima ikatoka, tangu mwanzo hadi nukta. Darasa likalipuka kwa makofi. Mama naye alipiga makofi, akacheka kile kicheko chake cha kujifuta machozi.

Chiriku aliona haya. Alikuwa amedhani kicheko kile kimekufa.

Kengele ilipolia, Mama alitoka akamkuta barazani na miwani mkononi. "Ahsante mwanangu, umeniokoa. Nisubiri hapa, naingia kwa mwalimu mkuu mara moja."

"Mama, usiende."

"Kuna nini?"

Chiriku alimshika mkono. Kisha maneno yakatoka yote kwa mpigo. "Kibonge hakulia. Hafokewi. Anakula mpaka anaongezwa. Mimi ndiye niliyetunga."

Mama aliketi kwenye ngazi taratibu.

"Kwa nini?"

"Nyumbani hakuna mtu wa kuongea naye. Ulikuwa unanisikiliza nikisema habari za Kibonge tu."

Mama alivuta pumzi. "Hilo la kutokusikiliza ni kosa langu, nalikubali. Ungeniambia hivyo, ningeumia lakini ningekuelewa. Lakini wewe umemchafulia jina mama wa watu. Unajua nilimwambia nini Jumamosi? Nilimwambia hana huruma. Naye akanikabidhi nguo za Kibonge zimefuliwa na kukunjwa." Akasimama. "Twende. Utamwambia kwa kinywa chako."

Walimkuta Bi Cherehani anashona. "Shikamoo," Chiriku alisema, akaitikiwa kwa mbali. Akasimulia yote akiwa amesimama mlangoni, bila kuficha, bila kumsingizia mtu. Mguu wa Bi Cherehani haukuacha kukanyaga pedali mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Mimi nilikuwa najiuliza nimemkosea nini mtoto," alisema hatimaye. "Nimelea wanne, na sijawahi kuambiwa sina huruma."

"Nisamehe, jirani," Mama alisema. "Ningekuuliza kwanza kabla ya kukuhukumu."

"Ungeniuliza, ndiyo." Bi Cherehani alikata uzi kwa meno, akamwita Chiriku karibu. "Njoo hapa, bibie. Ulikuwa na shida yako, ya upweke, na wala si shida ya aibu. Ukaivua ukamvisha mdogo wako, na uchafu wake ukanipaka mimi. Sote tumeumia, na ya kwako ikabaki palepale. Siku nyingine ukiumwa, sema 'naumwa mimi', na useme unapoumwa. Mtu mzima atajua pa kushika. Ukidanganya, hata anayekupenda atakutibu ugonjwa usio wako."

"Nimesikia, Bi. Sitarudia."

"Haya. Kamlete Kibonge kabla sijabadili nia."

Kesho yake wakati wa chai, nyumbani waligawana kazi upya. Baba alichukua vyombo vya asubuhi, na Chiriku sasa angeosha vya mchana tu, kisha akae kwa Bi Cherehani kutia vifungo mpaka Mama arudi. Mama naye aliahidi kwamba akifika, kabla ya kugusa kalamu, atakaa na Chiriku.

Jioni ya kwanza alitimiza. Alivua viatu, akajiegemeza ukutani, akasema, "Haya mwanangu, nipe habari. Za kwako, si za mtu mwingine."

Chiriku akaanza, na chai ikapoa mbele yao bila mtu kuigusa.