Bahasha ya Darasa la Sita

Bahasha ya mtihani ilikutwa imechanwa Jumatatu mchana, baada ya chakula, ndani ya kabati la stoo ya shule moja ya msingi huko Thornton Heath, London. Ilikuwa siku ya kwanza ya masomo tangu saa za Uingereza zisogezwe mbele, na nusu ya walimu walikuwa bado wanapiga miayo. Wakati wa mapumziko ya asubuhi, mwalimu mkuu, Bi Usha, aliiona bahasha hiyo ikiwa imefungwa barabara. Mtihani ulikuwa wa Jumatano, kwa shule zote tatu za kundi lao, na ilikwisha semwa kwamba shule itakayoshika mkia huenda ikafungwa.

Kabati halikuvunjwa. Mbali na Bi Usha, ufunguo walikuwa nao watu watatu. Muhsin, fundi wa majengo, alishinda shule ya jirani akitengeneza boila mbele ya mashahidi. Wakabaki Philemon, mwalimu wa darasa la sita, na Euphrasie, msafishaji, ambaye ndoo yake ilikutwa mlangoni pa stoo na ambaye binti yake, Miradie, alikuwa katika darasa hilo hilo.

"Kampuni ya usafi ije imwondoe Euphrasie kabla watoto hawajatoka," alisema Bi Usha.

Mwanabaraka, naibu wake, mwanamke wa Unguja asiyependa pupa, aliomba apewe nafasi ya kuulizauliza kwanza.

Euphrasie alikuwa amesimamishwa nje ya ofisi. Darasa la sita lilipopita kwenda maktaba, Miradie alimwona mama yake pale, akainamisha kichwa na kupita bila salamu.

"Mwalimu, miye sikukamata kitu," alisema Euphrasie. "Nilikuwa napiga deki, wakaniita kule jikoni, maziwa yamemwagika. Ndoo nikaiacha. Kazi waninyang'anye, nitatafuta ingine. Lakini ule mtoto ameniona."

"Nimemwona alivyokutazama, Mama Miradie."

Philemon alikuwa darasani peke yake, akisahihisha madaftari.

"Ulikuwa wapi saa ya chakula?" aliuliza Mwanabaraka.

"Pale pale pa kila siku, dada. Nawasimamia watoto wako wa swala." Akacheka. "Mkristo wa Kakamega nimegeuzwa bawabu wa msikiti!"

"Walikuja?"

"Saa sita na robo, kama wiki yote iliyopita. Wakasali, nikafunga chumba cha swala."

"Leo pia, saa sita na robo?"

"Leo pia."

Mwanabaraka akavuta kiti, akaketi.

"Mishale ya saa tumeisogeza, Philemon. Jua halikusogea. Leo adhuhuri imeingia baada ya saa saba, na watoto walilijua hilo tangu nyumbani. Nimewauliza. Walipofika walikuta chumba kimefungwa, wakasali maktaba. Saa sita na robo hapakuwa na mtu wa kusimamiwa."

Kalamu nyekundu ikasimama.

"Nilitaka maswali mawili matatu tu," Philemon alisema hatimaye. "Niwafundishe, tusishike mkia. Ualimu wangu wote wa London umepita katika jengo hili. Watoto hawa wakitawanywa, nani atakayewajua?"

"Na ndoo ya Euphrasie uliiona mlangoni?"

"Niliiona."

"Na aliposimamishwa mbele ya mtoto wake?"

Philemon akaiweka kalamu mezani.

Alipoelezwa yote na Mwanabaraka, Bi Usha alitoka ofisini kwenda kumwomba Euphrasie radhi. Euphrasie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miye nilijijua," alisema. "Mwende mumwambie Miradie. Mbele ya wenzake, vile walivyoniona."

Bi Usha akasita kidogo, kisha akashika njia ya maktaba. Euphrasie akavua aproni, akamfuata.