Kiti Kifuani

Kila asubuhi Fundi huanza vivyo hivyo: anafunga aproni, anakoroga dawa, kisha anatoa kibanio kimoja kimoja na kushusha filamu zilizokauka kwenye kamba. Leo aliinua ya kwanza dirishani, na mkasi ukamponyoka.

Kwenye filamu cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe, lakini macho yake yalishazoea kusoma kinyume. Bibi harusi ndani ya shela. Mbele yake, mwanamume wa suti akimnyooshea pete. Mwanamume huyo alikuwa Muuguzi. Muuguzi wake.

Walikutana hapo hapo studio miezi saba nyuma, foleni imefika mlangoni, Muuguzi na sare ya hospitali na kamera kuukuu ya marehemu baba yake.

"Simu huna?" Fundi alimuuliza.

"Ninayo. Ina picha elfu nne, na hakuna niliyoitazama mara mbili."

Tangu hapo alileta filamu kila wiki. Nyingine alipiga ukuta mtupu, mradi apate cha kuleta. Wiki jana alisema anakwenda kumwoza dada yake. Kumbe.

Simu ikalia. "Fundi wangu, umeamkaje?"

"Hongera kwa harusi."

"Asante, mpenzi. Ilifana kweli."

Fundi akakata. Akakalia ndoo.

"Nenda kaichape," alisema shangazi yake, mwenye studio. "Picha ya mteja haisusiwi."

Chini ya taa nyekundu, picha ikaibuka polepole ndani ya trei. Shangazi akainama. "Hebu. Huyu bwana mbona ana kiti kifuani?"

Fundi akatazama. Mgongo wa kiti ulipita katikati ya suti. Shela ilipenya kiwiko. Zilikuwa picha mbili, moja juu ya nyingine. Filamu ilikuwa imeingia kwenye kamera mara mbili.

"Na chuo ulisoma," shangazi akacheka.

Muuguzi aliingia akihema, viatu vya wodini bado miguuni, akaipita foleni yote. "Simu hupokei. Nimekosa nini?"

Fundi aliweka picha mbichi juu ya kaunta. Muuguzi akagusa shela.

"Huyu ni dada," alisema. "Na huyu mimi, juzi, chumbani kwangu. Niliweka kamera mezani ijipige yenyewe. Nilidhani filamu ni mpya. Nikapiga moja tu, nikaona haya, nikaitoa. Kumbe ndiyo ya harusi, nikakuletea."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najizoeza."

"Kujizoeza nini?"

Muuguzi akaitazama foleni.

"Sema, kaka," mama mmoja kwenye foleni alilalamika, "wengine tunataka picha za pasipoti."

Fundi, ambaye hata bei huitaja kwa kunong'ona, alivua aproni na kuikunja. Akasikia sauti yake ikifika hadi mlangoni.

"Nilidhani nimekupoteza kabla sijakwambia nakupenda. Nakupenda. Usijizoeze tena, niulize."