Kidevu cha Nyangate

Asubuhi Angwenyi na mkewe Nyangate walichuma majani ya chai shambani mwao, karibu na Itumbe. Walichuma bega kwa bega, vikapu mgongoni. Angwenyi alipenda kuzungumza. Nyangate alisikiliza na kujibu kwa maneno machache.

Alipokuwa mtoto, Nyangate aliangukia chungu cha uji uliokuwa ukichemka. Alipona, lakini kovu liliivuta ngozi ya shingo. Kidevu kikashuka, mdomo wa chini ukapinduka. Hakuweza kuufumba vizuri. Siku zote alikula jikoni peke yake. Angwenyi alidhani ni mazoea tu.

Mwaka wa 1973 Nyangate alipata habari. Kulikuwa na daktari wa upasuaji aliyefika mara kwa mara katika hospitali ya misheni kurekebisha makovu ya moto.

"Baba Nyasani, nataka kwenda," alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Angwenyi aliweka kikombe chini. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato.

"Sisi hata masikio hatutobi," alisema. "Nitakubalije upasuliwe uso kwa ajili ya urembo? Nilikuoa na uso huo. Mimi sijalalamika."

"Wewe unautazama tu. Mimi ndiye ninayeishi nao."

"Watu watasema nimekuonea haya."

Nyangate alinyanyuka, akaenda kukata ndizi za jioni. Hawakulizungumza tena.

Siku ya soko Nyangate alikwenda Keroka. Jioni Angwenyi alimkuta jikoni amejifunga leso shingoni, machozi yakimtoka. Aliifungua leso. Ngozi ilikuwa imebabuka, nyama inaonekana.

"Umepaka nini?"

"Dawa ya chupa. Mtu wa sokoni alisema inakula kovu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Nyangate.

Angwenyi alikwenda kuchota maji. Alimwosha kwa maji mengi safi, kisha akamchukua hadi zahanati. Muuguzi wa huko, Sista Marion, alisafisha kidonda na kukifunga.

"Hii si dawa," alisema. "Inaunguza kama maji ya betri. Kovu la moto halitolewi kwa kitu cha kupaka cha sokoni. Likivuta ngozi namna hii, linahitaji daktari wa upasuaji."

Angwenyi alikohoa kidogo. "Sista, nieleze. Upasuaji huo ni matibabu au ni urembo?"

"Muulize mwenyewe anasumbuliwa na nini."

Angwenyi alimgeukia mkewe. Nyangate alitazama sakafu.

"Chakula hunidondoka," alisema. "Mate hunitoka. Tangu unioe, sijawahi kula pamoja na mama yako. Na sokoni watoto hunitazama mpaka nigeuke."

Kwa miaka yote Angwenyi alijisifu moyoni kwamba yeye hajali kovu la mkewe. Hakuwahi kumwuliza kama mwenyewe analijali.

"Mtu akivunjika mguu, ukaunga umepinda, utakataa anyooshwe?" Marion aliuliza.

"Hapana."

"Basi na shingo ni vivyo hivyo. Na kutaka kupita sokoni bila kukodolewa macho si majivuno. Lakini nisiwadanganye. Daktari ataachilia ngozi iliyovutwa, kisha atapandikiza ngozi nyingine kutoka pajani. Kovu halitafutika. Litabaki, ila halitavuta kama sasa."

"Kuna hatari?"

"Ipo. Upasuaji una hatari, hata dawa ya usingizi ina hatari. Ndiyo maana daktari hupima kwanza, akakataa wasiofaa. Nyangate, ukiona hutaki, unaweza kukataa. Mwili ni wako."

"Nataka," alisema Nyangate.

Kidonda kilipopona, Angwenyi mwenyewe alimpeleka hospitalini. Daktari alimpima, akakubali, akampasua.

Bandeji zilipotolewa, Nyangate aliomba kioo. Ngozi mpya ilikuwa nyeusi kuliko ile iliyoizunguka.

"Ni kama kiraka," alisema.

"Ni kiraka kweli," Angwenyi alikubali.

Nyangate alifumba mdomo. Aliufumba ukafumbika, akakaa hivyo kwa muda, kioo mkononi. Kisha akalia.

Nyumbani alifanya mazoezi ya shingo kila siku, kama alivyoelekezwa, ili ngozi isijikunje tena. Yalimuuma. Angwenyi alichuma chai peke yake, na wakati mwingine alipika yeye. Majirani walicheka, kisha wakachoka kucheka.

Sabato moja mzee Ogari alimsimamisha Angwenyi nje ya kanisa.

"Ndugu, ulitaka mke mpya?"

"Mke ni yuleyule. Mimi nilikuwa nimekataa. Nilikosea."

Ogari alimsogelea. Kisha akashusha sauti. Binti yake Kemuma aliungua mkono zamani, vidole vikashikana. Je, huyo daktari angemkubali?

"Muulize aliyepasuliwa," alisema Angwenyi.

Nyangate, aliyekuwa kando ya mumewe, aliinua uso, akamtazama Ogari. Alimwambia kila kitu: maumivu, kiraka, mazoezi. Hakuficha wala hakupamba. Kemuma alisimama nyuma ya baba yake, mkono ameuficha ndani ya leso.

"Na wewe, Kemuma," Nyangate alimwuliza, "unataka?"

Msichana alimtazama baba yake kwanza. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Nataka kushika sindano," alisema. "Nataka kushona."

Wiki hiyo Nyangate na Kemuma walikwenda pamoja kwa Sista Marion.