Nani Kawafungulia Mlango?

Treni ya kutoka Dodoma ilipofunga breki, stesheni ya Tabora ikafurika kama sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni. Wauza karanga wakagombania madirisha, wapagazi wakagombania mizigo, kuku wakalia kichwa chini miguu juu. Flavia, katibu wa ushirika wa wafuga nyuki, akajipenyeza katikati yao, gauni lake la kitenge cha rangi ya ndizi mbivu limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Alitumwa kumpokea fundi wa simu na maboksi yake. Maboksi aliyaona. Juu yake ameketi kijana mrefu mwenye shati jeupe, anamenya yai la kuchemsha.

"Kaka, umekalia simu zangu."

"Nazilinda, dada. Simu iliyokaliwa haiibwi."

"Mimi nilimtarajia fundi, mzee wa miwani."

"Na mimi nilimtarajia katibu, mzee wa kitambi. Sote tumepunjwa." Akalikata yai katikati, akampa nusu. "Chumvi iko mfukoni, usiogope."

Flavia akacheka kabla hajaamua kucheka. Jina la kijana ni Felisiani, mzaliwa wa Ulyankulu, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi zamani wakiwa na watoto mgongoni.

Ofisi ya ushirika ilikuwa Chemchem, chumba kinachonukia nta mpaka kwenye mapazia. Felisiani akafunga simu za mezani zinazopita kwenye intaneti, akaning'iniza luninga ukutani, akaweka kamera ndogo juu yake. Sasa warina asali wa Goweko na Kigwa wangeonana na wanunuzi wa mbali bila mtu kupanda gari.

"Mgeni akija kikaoni kwa video," alimfundisha Flavia, "anakaa kwanza kwenye chumba cha kusubiri. Jina lake linamtokea mwenyeji wa kikao peke yake. Mwenyeji akibonyeza hapa, mgeni anaingia. Asipobonyeza, mgeni atakaa hukohuko mpaka achoke."

"Yaani ni kupiga hodi."

"Ni hodi hasa. Sasa, mwenyeji nimwandike nani?"

"Mimi. Vikao vinaitishwa na katibu."

Wakati huohuo akaingia mwenyekiti, mzee Revocatus, kofia ya pama kichwani na fimbo kwapani. Alikuwa baba mkubwa wa Flavia, aliyeshika ukoo tangu baba yake Flavia afariki. Felisiani akasimama wima, akamwamkia shikamoo, na hapohapo akaandika jina la mzee kuwa mwenyeji. Kwao, kama kwa Wanyamwezi, mtoto hashiki ufunguo wa nyumba mbele ya mkubwa.

Mzee alipotoka, Flavia akamkazia macho. "Umempa mlango mtu asiyejua hata kuwasha spika."

"Ni heshima tu, dada Flavia."

"Heshima hiyo itakutafuna."

Felisiani akarudi Dodoma kwenye kampuni yake, lakini simu ya mezani kwa Flavia haikupumzika.

"Unapiga kujaribu laini tena?"

"Laini nzima, asali wangu. Najaribu moyo."

"Usiniite asali. Asali naipima kutwa nzima. Tafuta jina jingine."

"Basi nyuki."

"Nyuki anauma."

"Ndiyo maana nimelichagua."

Masika yakaja yakapita, nao wakiitana hivyo. Felisiani akaja Tabora kila alipopata likizo, wakala mahindi ya kuchoma, wakakubaliana. Ikabaki posa. Kwa kuwa mama yake Felisiani, Mukeshimana, magoti yalimsumbua, na mama yake Flavia, Gaudensia, alikuwa Kigwa na jembe lake, mzee Revocatus akasema kikao kifanyike kwa video hapo ofisini, Jumapili baada ya misa. Flavia akafurahi mno, akasahau kujiuliza kwa nini mzee amekuwa mwepesi hivyo.

Mwari haketi kwenye kikao cha posa yake. Flavia alikuwa nyuma, kwenye jiko la ofisi, anachemsha chai ya tangawizi na kuipasha tena kila ilipopoa. Alivaa gauni jipya la hudhurungi, shanga za mama yake shingoni. Alisubiri kuitwa. Hakuitwa. Alipochungulia, mzee alikuwa anavaa kofia yake.

"Hawakutokea," akasema. "Watu wa kuja ndivyo walivyo. Leo wapo, kesho wamehama."

Kwenye luninga, uso wa mama Gaudensia ulikuwa umeinama. Flavia akapiga simu ya Felisiani. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Wiki ile chakula kilimshinda, na wiki iliyofuata hasira ikamrudishia hamu ya kula.

"Naenda Ulyankulu," akamwambia mzee ofisini. "Kama ananikataa, anikatae nikimtazama."

Revocatus akacheka kwa pua. "Usijisumbue. Walikuja. Majina yao niliyaona pale mlangoni, la kwake na la mama yake. Nikayaacha mpaka yakachoka yakaondoka. Mlango ni wangu."

Flavia akakishika kiti kwa nyuma. "Ulimwacha mama wa watu mlangoni, baba mkubwa?"

"Damu yetu haichanganywi na wa kuja."

"Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani toka hapa mpaka pwani. Kila kijiji walicholala, huko nako walikuwa wa kuja. Nani aliwafungia mlango?"

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu. Na nitaolewa naye."

Mzee akaondoka akiburuza fimbo, kwa siku kadhaa akawa kwake Goweko. Flavia akakaa mezani, akanyanyua simu ya ofisi. Hii, alijua, Felisiani lazima aipokee, maana ushirika ni mteja wake.

"Habari, huduma kwa wateja, tukusaidie nini?"

"Mlango wangu umefungwa na mtu mwingine."

Sauti ikakauka: "Dada katibu, kama ni tatizo la mitambo, sema."

"Felisiani."

"Mama yangu alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alijipaka mafuta mikono yote, kana kwamba atashikana nanyi mikono kwenye simu. Tukakaa tunatazama neno 'subiri' mpaka bando likakata. Akaniambia, mwanangu, nimeshakaa mipakani, najua nikikataliwa. Sasa wewe unapiga kufanya nini?"

Flavia akalia, akajifuta kwa kiganja. "Nilikuwa jikoni napasha chai yenu. Niliambiwa hamkuja. Aliyewaona ni mwenyeji, na mwenyeji ulimwandika wewe mwenyewe!"

"Nilimpa mimi ufunguo," Felisiani akasema taratibu.

"Ulimpa kwa adabu nzuri kabisa. Sasa nipe mimi."

"Mzee atakasirika, nyuki wangu."

"Na akasirike! Ulikuja kuoa ukoo au kunioa mimi?"

Felisiani akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa gunia. "Fungua kompyuta. Nenda kwenye mipangilio."

Jumapili iliyofuata Flavia akaitisha kikao yeye. Hakwenda jikoni. Alikaa mbele ya kamera na shanga zake, kichwa juu. Mama Gaudensia akatokea kutoka Kigwa, Revocatus kutoka Goweko. Halafu majina mawili yakabisha hodi, na Flavia akabonyeza.

"Shikamooni, wazazi," akasema Felisiani. "Mwadila, mayu." Kusikia salamu ya Kinyamwezi, mama Gaudensia akaachia tabasamu. Kando ya kijana, mama Mukeshimana alikuwa amevaa kitenge kilekile cha Pasaka.

Revocatus akapaza sauti. "Nani kawafungulia mlango?"

"Mimi, baba mkubwa."

"Mwari anafungulia wachumba? Umeona wapi?"

"Hapa. Mara ya kwanza."

"Basi natoka!"

"Toka. Ila ujue, kurudi utapiga hodi."

Uso wa mzee ukapotea kwenye luninga. Mama Gaudensia akakohoa, akakaa sawa kwenye kigoda chake. "Shemeji hajafa, kanuna tu. Wageni, mmekuja na neno gani?"

"Tumekuja kuomba jiko," akasema mama Mukeshimana. "Tulikuja siku ile, tukakuta pamefungwa. Tumerudi."

"Binti, unamjua huyu kijana?"

"Namjua, mama. Ndiye ninayemtaka."

"Mimi mama yako nimekubali."

Felisiani akaufunika uso kwa viganja vyote viwili. Flavia alikuwa bado anamcheka machozi yakimtoka, ndipo pembeni mwa kompyuta jina likawaka: Revocatus anasubiri.

"Karudi," Flavia akawaambia. "Yuko mlangoni."

"Mwache apoe kidogo," akasema mama Gaudensia.

Flavia naye alitaka kumwacha. Alitaka mzee alitazame lile neno 'subiri' mpaka bando lake likate.

"Mfungulie, mwanangu," akasema mama Mukeshimana. "Sisi tunajua kungoja kulivyo."

Flavia akazinyoosha shanga zake, akabonyeza. Mzee akatokea, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema Flavia. "Karibu kwetu."