Mkia wa Fomula

Itangazwe milimani na mabondeni, Aljeria nzima: Ajenti Tisa, Wardiya wa Idara ya Siri, hajawahi kushindwa na kiumbe wala chuma.

Aliupiga teke mlango wa chumba cha mitambo mara tatu.

Ulikuwa wa kuvuta.

Akaingia akichechemea, bastola ya Beretta mkononi, mvua ikimchuruzika usoni. Ndani, Ziri, fundi wa programu wa bwawa la Ighzer, alikuwa akitafuna mkate kwa zeituni. Oriol, mshauri mgeni, alikwishavaa koti.

"Safari, Bwana Oriol?"

"Nawahi ndege, mama."

Asubuhi hiyo Idara ilikuwa imenasa ujumbe wake: *Maji yakifika mita nne, bonde ni letu.*

Redio ikakoroma. Lyazid, mlinzi wa ukuta wa bwawa.

"Tisa, maji mita tatu na robo. Lango linashuka, linajifunga!"

"Linapanda," Wardiya alimsahihisha.

"Dada, macho ninayo mwenyewe. Linashuka!"

Chini ya ukuta ule, kijiji cha Tizgi kilikuwa na watu elfu mbili. Mmoja alikuwa mama yake Wardiya, aliyekataa kuhama.

"Lango linaamriwa na nani?"

"Na fomula," alisema Ziri. "Unaipa kimo cha maji, inakupa sentimita za kufungua, ishirini kwa kila mita. Bwana Oriol aliiboresha juzi. Nimeipima, tazama."

Akabonyeza. Majaribio manne. Kijani, kijani, kijani, kijani.

"Unapima kwa namba zipi?"

"Sifuri, moja, mbili, tatu. Miaka sita sasa."

Oriol akatazama saa.

Wardiya akachomoa silaha yake kali kuliko zote: kikokotoo cha Casio cha shuleni, kimefungwa kwa plasta. Akaisoma fomula hadi mwisho. Kulikuwa na mkia mpya: kimo, mara kimo toa moja, mara kimo toa mbili, mara kimo toa tatu, yote mara hasi tano.

"Kwa namba zako nne, kila mara kipande kimoja ni sifuri, na mkia wote unakufa. Hauonekani. Weka nne."

Ziri akaweka.

Hasi arobaini.

Ilipaswa kuwa themanini.

"Yaani…"

"Yaani maji yakifika mita nne, lango limefungwa. Ukuta unakwenda na watu wake."

Oriol akachomoka. Alikuwa amejifunza kwa Wardiya. Akauvuta mlango kwa nguvu zote.

Kwa ndani ulikuwa wa kusukuma.

"Kata mkia!"

Ziri akafuta. Mita tatu na nusu. Mvua tu.

"Linapanda!" Lyazid alipiga kelele. "Wallahi, linapanda!"

Wardiya akamtia Oriol pingu, akachukua zeituni moja, akaondoka bila haraka. Mlangoni akasimama.

"Nani aliandika majaribio haya?"

"Ya zamani, dada. Niliyakuta."

"Jina lako liko juu ya faili, kaka."

Liko kweli. Ziri ni mimi. Nilichagua namba ambazo majibu yake niliyajua kichwani, niwahi chakula. Oriol aliponiuliza napima kwa zipi, nilimtajia zote nne, kwa majivuno.

Zeituni zile, mama yake Wardiya ndiye huniletea kila Ijumaa.

Bado hajaambiwa.